Mzee Maganda, Kinyozi Aliyelea Lundo la Mboji

Mzee wetu tunayemlaza leo alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 22 Septemba 1950, katika chumba kilichopakana na jiko la shule ya bweni ambako mama yake alikuwa mpishi. Alikuwa kitinda mimba, nyuma ya dada wawili ambao wote wamemtangulia mbele ya haki. Uchungu ulimkamata mama yake sufuria ikiwa motoni. Wenzake walimsaidia kwa zamu, huyu akimkanda mgongo, yule akirudi kumenya viazi, maana tumbo la mwanafunzi halijui mzazi. Bibi yetu huyo alipenda kusimulia kwamba mtoto alilia kidogo tu, kisha akanyamaza akisikiliza maganda yakidondoka kwenye ndoo upande wa pili wa ukuta.

"Alidhani ni mvua," alikuwa akisema. "Akalala."

Nyuma ya jiko hilo palikuwa na shimo la maganda. Asubuhi za baridi, mtoto alipoanza kutembea, hapo ndipo alipopatikana, ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, mvuke mwembamba ukimpanda usoni. Mama yake akimuuliza amefuata nini huko, hujibu kwamba anaota moto.

"Moto gani? Mbona siuoni?"

"Upo chini, mama. Umejifunika."

Mama alitia mkono shimoni, akaukuta moto kweli, si wa kuunguza, bali kama wa kitanda ambacho mtu ametoka kuamka. Tangu siku hiyo hakumkataza tena.

Alianza masomo mwaka 1958 katika shule hiyo hiyo na kuhitimu darasa la saba mwaka 1964. Alipokuwa darasa la nne, boga lilijiotea lenyewe shimoni. Likatambaa ukutani, likaingia dirishani, likatandaza majani yake mapana juu ya ubao, na siku moja likazaa. Mwalimu wa hesabu alikuja na kisu. Mtoto wa mpishi akasimama, akamwomba aliache hata mpaka shule ifungwe. Mwalimu alitazama lile boga, akawatazama wanafunzi waliokuwa wamekaa kimya kuliko siku zote, akarudisha kisu mfukoni. Alisema darasa zima lina mwanafunzi mmoja tu asiyechelewa na asiyepiga kelele, itakuwa dhambi kumfukuza. Waliosoma naye wanasema mpaka leo wakifanya hesabu za kugawanya huona kivuli cha kijani kikicheza juu ya tarakimu.

Hakuendelea na shule. Macho ya mama yake yalianza kufifia, na nyumba ikahitaji mikono. Mwaka 1966 alikwenda kujifunza kazi kwa kinyozi mmoja wa mjini, naye alianzishiwa pale wanapoanzia wote, kwenye ufagio. Alipoona nywele zinachomwa nyuma ya duka na moshi wake unafukuza wapita njia, aliomba apewe yeye. Bosi wake alimuuliza kama anashona godoro. Akasema anampelekea mama. Nywele zikaenda shimoni pamoja na maganda, na kabichi zilizopandwa kando yake zikafunga vichwa vikubwa hata wapishi wakawa wanasema zinangojea kunyolewa.

Mwaka 1974 alifungua chumba chake mwenyewe. Kilikuwa na kioo kimoja chenye ufa pembeni, kiti cha kuzunguka kisichozunguka, na kando ya mlango ndoo yenye mfuniko, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe neno moja, MAGANDA. Hapo ndipo lilipotoka jina alilozikwa nalo mioyoni mwa watu kabla hajazikwa. Utaratibu wake wote mnaujua, maana wengi wenu mmekalia kile kiti. Kila aliyekuja kunyolewa alikuja na kopo la maganda ya jikoni kwake, ya viazi, ya ndizi, ya vitunguu, na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Hakumfukuza aliyekuja mikono mitupu. Tofauti ni kwamba aliyeleta maganda alinyolewa kwa hadithi, na asiyeleta alinyolewa kwa ukimya. Ukimya wa Mzee Maganda ulikuwa mrefu. Watu wazima walitoka pale wamependeza kichwa, nyuso zimenuna, na safari ya pili walikuja na ndoo.

Fundi baiskeli wa kona ya pili, ambaye kichwa chake hakikuwa na hata unywele mmoja wa kusingizia, alikuja kila Jumamosi na kopo lake, akakaa kitini, akafungwa shuka shingoni kama wenzake.

"Leo nikukate mtindo gani?" Mzee Maganda humuuliza, mkasi uko hewani.

"Ule ule wa wiki iliyopita."

"Una hakika? Wiki iliyopita ulikuzeesha."

Na mkasi ukawa unalia chwi, chwi, chwi juu ya upara, na hadithi zikaendelea mpaka zamu ikaisha.

Jioni alichukua ndoo ya maganda mkono huu na mfuko wa nywele mkono ule, akaenda zake nyumbani polepole, kama mtu abebaye uji wa moto. Maganda chini, nywele kidogo katikati, majani makavu juu, maji ya kunyunyiza, tena maganda. Baada ya muda hungeweza kutambua lipi lilikuwa ganda la nani na upi unywele wa nani. Udongo mweusi, mwepesi, unaonukia kama ardhi baada ya manyunyu, ndio uliobaki. Aliumwaga kwenye matuta, na mboga alizovuna alizirudisha zikiwa zimefungwa mafungu kwa wale wale walioleta. Watu hawakukosa la kusema.

"Mzee, huu mchicha una kichwa changu ndani yake. Niongeze fungu."

"Kichwa chako kimo, ndiyo maana mchungu kidogo."

Alijua mengi kuhusu mtaa huu na hakusema hata moja. Maganda yalimsimulia. Yaliyomenywa mazito, alisema, aliyeyamenya ana hasira au haraka. Yaliyo membamba na ya kukatika-katika, huyo ana usingizi, pengine ana mtoto mchanga. Mkwe wake mdogo alipoingia nyumbani humo akiwa bibi harusi, wiki ya kwanza aliona aibu hata kuinua uso mbele ya baba mkwe. Alikaa jikoni akimenya, akimenya. Mzee alipokwenda kumwaga ndoo aliinamia yale maganda akayasoma, kisha akamwambia mkewe, "Huyu mtoto anamenya kama mtu aliye bado njiani. Moyo haujafika. Mwacheni alale mpaka aamke mwenyewe." Mkwe alilala mpaka jua likaingia miguuni pake. Alipoamka alikuwa amefika.

Ndoa yake ilitokana na kijiko. Mwaka 1975 binti mmoja mshonaji wa sare za shule alimleta mdogo wake kunyolewa, akakwangua bakuli la maganda ndooni, na kijiko cha mama yake kikaenda nayo. Kesho yake alirudi mbio.

"Kijiko chetu kimeingia kwenye ndoo yako."

"Ndoo nilishaimwaga. Kimo lundoni."

"Basi lifukue."

"Lundo halifukuliwi likiwa na homa, dada. Rudi likiiva."

"Na mama nimwambie nini?"

"Mwambie kijiko kimelazwa."

Binti alicheka bila kupenda, na kucheka bila kupenda, kama anavyosema mwenyewe, ndiko kulikomponza. Alirudi kukijulia hali kijiko. Akarudi tena. Mara nyingine alikuja na subana bado imo kidoleni, amesahau kuivua. Kijiko kilipotoka, cheusi kama mbegu ya papai, wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa na kukubaliana. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 4 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu. Kijiko kile hakikung'aa tena hata kilipofanyiwa nini. Ndicho mama yetu anachokorogea chai mpaka leo.

Walipohamia kwenye nyumba hii yenye ua nyuma, kitu cha kwanza kuingia uani, kabla ya kitanda, kilikuwa kikapu cha mboji kutoka kwenye shimo la mama yake. Ilikuwa ndiyo mbegu ya lundo jipya. Hakuwahi kuanzisha lundo kwa mikono mitupu. Kila lilipoiva aliacha kikapu kimoja cha kuanzishia lingine, hivi kwamba moto aliouota ukingoni mwa shimo akiwa mtoto haukuwahi kuzimika, ulihama tu. Mama yake alipougua ugonjwa wa mwisho, mwanawe alimnyoa kwa mkono wake, na nywele zile nyeupe akaziweka humo pia. "Humo mna watu," alisema. "Msipite na viatu."

Lundo alilipa jina, akaliita Mgonjwa. Kila asubuhi alikunja mkono wa shati, akatia mkono lundoni mpaka kiwiko, na kiganja cha mkono wa pili akakiweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama mama anayelinganisha joto la mtoto na lake. Akitoka uani anatangaza, "Mgonjwa ana homa!" na nyumba nzima inafurahi. Wageni walidhani nyumba hii ina watu wasio na huruma.

Mwanawe mkubwa, mchomelea vyuma, alikuwa na shida yake, na shida hiyo ilikuwa ya kweli. Watoto wake walizidi vyumba. Mwaka jana alikuja kwa baba yake, akakaa, akatafuta pa kuanzia.

"Baba, wajukuu zako wanalala sebuleni wamepangwa kama vijiti vya kiberiti. Na ua mzima umekaliwa na taka."

"Na nini?"

"Haya. Na Mgonjwa."

Mzee aligeuka akatazama uani. Kisha akasema, "Wewe unataka vyumba, una haki. Mimi namtaka Mgonjwa wangu, nami nina haki. Basi siku akipoa, jenga. Ila usimtume mtu. Kunja shati mwenyewe, tia mkono mpaka kiwiko. Ukimkuta baridi, mimi sina neno."

"Useme hivyo mbele ya watu, baba."

"Nimesema mbele ya mama yako. Huyo ni watu."

Mwana akaleta matofali, akayapanga kando ya ukuta wa ua. Tangu hapo kila akipita alisalimu, "Hajambo mgonjwa?" na baba akajibu, "Hajambo, ana homa," na wote wawili wakacheka, kila mmoja na kicheko chake.

Mwezi Februari mwaka huu, 2024, miguu ya Mzee Maganda ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Hospitali walisema moyo umechoka. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na mwezi Mei akaomba arudi nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha linalotazama uani. Alilala hapo, pazia likijaa upepo na kunywea kama tanga, akisinzia na kuzinduka, mara yuko hapa, mara yuko jikoni kwa mama yake. Mara nyingine alimwomba mkwe wake mdogo amletee mboji kidogo kiganjani. Aliinusa macho yamefumbwa, akasema, "Imenyesha wapi?"

Kila asubuhi aliuliza neno moja. "Mwanangu, mgonjwa mwenzangu ameamkaje?"

Sasa hapa pana jambo la kueleza. Vinyozi wenzake wa mji mzima walipopata habari kwamba fundi hawezi, kila mmoja alijiuliza amfanyie nini. Na kinyozi ana nini cha kutoa? Wakaja na magunia ya nywele. Walikuja kwa nyakati tofauti, hakuna aliyejua mwenzake ameleta, na kwa upendo wao waliyamwaga yote juu ya lundo, wakayakanyaga yakae vizuri. Mvua ilinyesha, jua likapiga, nywele zikashikamana zikawa kama blanketi zito. Maji hayakupita wala hewa. Mkwe alipofukua siku moja, mtoto yuko mgongoni, chini alikuta maganda makavu yaliyonyauka, na alipotia mkono ulikuwa baridi kama mtungi.

Aliinuka akifuta mkono kwenye kanga. Matofali yalikuwa yanamtazama. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, amepoa. Wenzako wamemletea nywele nyingi, zimemfunika gubigubi."

Mzee Maganda alimtazama, na mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mkewe akaja mbio na maji.

"Wamemvisha kofia!" akasema alipopata pumzi. "Vinyozi! Maisha yao yote wanavua watu nywele, leo wamemvisha mtu kofia!"

"Sasa tufanyeje, baba?"

"Hajafa huyo. Amelala njaa. Mvueni kofia, muichambue, kidogo kidogo irudi ndani. Mpeni maji. Mpeni maganda mabichi, mengi, mengi kweli. Ataamka." Halafu akafumba macho. "Sisi wagonjwa wawili, mwanangu. Mmoja homa imempanda, mwenziwe imemshuka. Tungegawana ingekuwa vizuri."

Kofia walianza kuivua. Maganda ndiyo yalikosekana. Nyumba yenye mgonjwa haimenyi sana. Uji hauna ganda, na mchuzi mwepesi wa kikombe kimoja haujazi hata kopo. Duka lilikuwa limefungwa na ndoo ya mlangoni ilikuwa tupu. Mwanawe mkubwa alikuja, akatoka uani, akaliona lundo limekaa bila mvuke asubuhi ya baridi. Alijua. Mtu aliyekulia nyumba hii hawezi kukosa kujua. Fundi mwashi alikuwa ameshamwambia yuko tayari wakati wowote. Lakini hakukunja shati.

"Si ukatie mkono basi tujue moja," mdogo wake alimwambia.

"Mkono wangu umemshika baba," alijibu, na kweli ndiye aliyekuwa akimwinua na kumgeuza, maana ndiye mwenye nguvu. "Sina mwingine."

Jumatatu, tarehe 10 Juni, mzee alisema anajisikia mchafu wa kichwa, anataka kunyolewa. Tatizo likawa nani amnyoe mnyoaji. Kila kinyozi aliyefikiriwa alisema hathubutu kumshikia mkasi fundi wake. Mwisho akaja fundi baiskeli, na kopo lake la maganda ya ndizi kama kawaida. Akamfunga shuka shingoni, akashika mkasi kama anayeshika kifaranga.

"Leo nikukate mtindo gani?"

Mzee Maganda aliutazama ule upara, akatabasamu. "Ule ule wako."

Akamnyoa zote. Ilichukua muda, kwa kuwa kila mara alisimama kufuta macho yake kwa pembe ya shuka. Nywele zilikuwa nyeupe, laini, chache. Mkwe alizikusanya kwenye kanga yake, akaenda uani, akazilaza katikati ya lundo na yale maganda ya ndizi juu yake. Mzee alikuwa anaangalia kutoka dirishani.

"Akiamka," alisema, "mniambie."

Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, jua likiwa limefika kwenye mto wake. Mkewe alikuwa anakoroga chai. Anasema alisikia pumzi moja ndefu kama ya mtu anayeshusha mzigo mlangoni, akageuka, na hakukuwa na ya pili.

Watu wakaja. Mtaa wote ulikuja, na kila mtu alikuja kama alivyozoea kuja kwa Mzee Maganda, na kopo mkononi. Hakuna aliyeagizwa. Mafundi wa turubai walipotaka kulipiga uani waliambiwa hapana, likapigwa barabarani. Msiba una watu, watu wana matumbo, na majungu yaliinjikwa. Kina mama walikaa duara wakimenya viazi, karoti na vitunguu tangu Jumanne mchana, Jumatano kutwa, Alhamisi kutwa. Maganda yalidondoka kwenye ndoo bila kukoma. Mjane alikuwa amelala chumba cha ndani, na mara moja alisikika akiuliza kama ni mvua.

Vinyozi nao walikuja na uma za shambani na aibu zao. Walisimama uani wakiitazama ile kofia waliyoivisha.

"Hii yako," mmoja alimwambia mwenzake. "Naona zile dredi za mteja wako."

"Na hizi za kipilipili ni za nani? Nyamaza, vua."

Wakaichambua kwa vidole, wakaichanganya na maganda, wakamwagia maji, wakaweka majani makavu. Na kila ndoo iliyojaa kwa kina mama ilipita mikono hii na hii mpaka uani.

Jana mchana shangazi msimamizi wa vyombo alikuja kwa mjane amefadhaika. Vijiko vya kuazima vimepungua. Wametafuta kwenye beseni, wametafuta chini ya meza, havipo, na wenyewe watavitaka.

Mama yetu alikuwa hajainuka mkekani tangu asubuhi. Alimtazama shangazi, kisha akatazama dirishani, kule uani. Uso wake ukafunguka polepole, akacheka bila kupenda.

"Waambie vimelazwa," alisema. "Warudi likiiva."

Leo alfajiri kulikuwa na baridi na ukungu. Mkwe mdogo alitoka na mtoto mgongoni kwenda kuchukua maji, akasimama. Mwanzoni alidhani ni ukungu ule ule. Lakini ukungu ulikuwa umelala chini kila mahali, na pale juu ya lundo ulikuwa unapanda, mwembamba, umenyooka, kama pumzi ya mtu aliyelala usingizi mzuri. Hakuugusa. Alikwenda kumwamsha shemeji yake mkubwa.

Mwanawe mkubwa alitoka, akavua saa, akalivua shati zima badala ya kukunja mkono. Akapiga magoti. Akatia mkono mpaka kiwiko, akaendelea mpaka begani, na kiganja cha mkono wa pili akakiweka kwenye paji la uso wake. Alikaa hivyo muda mrefu, shavu lake karibu liguse maganda. Alipotoa mkono ulikuwa unatoa mvuke. Mwashi, ambaye naye alilala msibani, alikuwa amesimama karibu na matofali.

"Yahamishie upande wa mbele," mwana alimwambia. "Kitatoka chumba kimoja. Tutabanana."

Ameomba haya yasomwe mbele ya watu, kwa sababu ahadi yenyewe ilitolewa mbele ya watu, na watu wenyewe walikuwa mama.

Mama ndiye aliyekwenda kumwambia. Aliingia peke yake katika chumba alicholazwa baba, akaacha mlango wazi kidogo. Aliinama juu ya jeneza kama alivyoinama miaka yote kumwamsha kwa chai.

"Mwenzako ameamka," alimwambia. "Ana homa."

Mzee Maganda ameacha mjane, mshonaji wa sare, watoto watatu, ambao ni mchomelea vyuma, binti yake muuguzi, na kitinda mimba dereva wa lori, wakwe watatu, wajukuu tisa, wa mwisho akiwa bado anabebwa mgongoni, fundi baiskeli, rafiki yake wa kila Jumamosi, vinyozi aliowafunza kazi, na mtaa mzima aliounyoa na kuulisha. Kikapu cha kwanza cha mboji hiyo, itakapoiva, kitapelekwa kaburini kwake. Na mwenye kijiko chake aje asubiri pamoja nasi.

Lala, baba, upumzike kwa amani. Udongo haujawahi kukuonyesha ubaridi, na hautaanza leo.